Vyombo vya Kuamshia Hamira ya Bia: Cha Kununua, cha Kuokota na cha Kuacha Dukani

Pakiti ya hamira ya bia iliyo kwenye friji yangu ilifika Kisumu ndani ya soksi. Binamu yangu aliinunua Uingereza, akaisokomeza humo isipondeke begini, na aliponikabidhi alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyebeba kitu cha polisi. Hamira ya mandazi iko kila kioski kuanzia Migosi hadi Nyalenda. Hamira ya bia, ile iliyochaguliwa kwa ladha yake na kwa jinsi inavyotulia chini ya chombo kazi ikiisha, huwezi kumtuma mtoto akakuletee.

Kwa hiyo pakiti moja naifanya ipike mara tano, sita. Njia yenyewe ni kianzio: unachemsha maji kidogo ya kimea, yakipoa unatia hamira humo siku mbili tatu kabla ya kupika, inaamka, inazaliana, halafu unaimimina kwenye bia ikiwa tayari imekuwa jeshi. Wapishi wengi wa bia huiita stata, na si ile ya taa ya tyubu.

Nilipoanza nilifuata orodha za vifaa zilizoandikwa na watu wa Marekani ambao duka la vifaa vya bia liko karibu nao. Nikanunua kichwa chini miguu juu: mashine ya kuzungusha kwanza, kipimajoto mwisho. Mpangilio ulio hapa chini ndio ningeufuata leo, na kila kifaa nimekiuliza swali moja: siku mambo yakiharibika, wewe utaniokolea hamira?

Neno moja kuhusu sheria kabla hatujawasha moto. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu waliyoibatiza jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, inadai leseni ya kutengeneza na kuuza kileo. Pitia ofisi ya leseni ya kaunti yako uulize mapema. Mimi siuzi hata glasi moja.

Hatua ya 1: Hakikisha kianzio kina kazi

Kama una pakiti ya hamira kavu ya gramu 11 hivi, tarehe yake haijapita, ilikaa mahali pa baridi, na unapika lita 20 za bia ya nguvu ya kawaida, weka mwongozo huu kando ukapike. Pakiti hiyo ina seli za kutosha, na ilikaushwa ikiwa imebeba akiba yake. Ukiitengenezea kianzio unaimalizia ile akiba bure. Iloweke kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, nyuzi 30 hadi 35, kwa dakika 15, kisha imimine.

Kianzio kina kazi ukiwa na hamira ya maji, au tope la hamira ulilokusanya kwenye bia ya mwezi uliopita, au pakiti iliyofunguliwa ikabaki nusu. Hapo hujui ni seli ngapi zingali hai, na kianzio kinakujibu kabla hujahatarisha lita 20. Kisipotoa povu wala mashapo meupe chini baada ya siku mbili, umepoteza gramu mia mbili za kimea. Si hasara ya kulilia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ukubwa kabla ya kwenda dukani

Hesabu wanayotumia wapishi wengi ni seli 750,000 kwa kila mililita kwa kila digrii moja ya Plato, kipimo cha sukari iliyo kwenye maji ya kimea. Hiyo ni kwa eli, bia zinazochacha kwenye joto la kawaida. Laga, ambazo huchachia kwenye baridi, zinataka mara mbili. Lita 20 zenye digrii 12 za Plato, ambazo haidromita, kile kipimo kinachoelea kwenye maji ya kimea kuonyesha uzito wake, itakuonyesha kama 1.048, zinahitaji 750,000 mara 20,000 mara 12. Jibu ni seli bilioni 180. Pakiti ya hamira ya maji huwa na bilioni 100 hivi ikiwa mbichi, na ikishakaa wiki mbili tatu kwenye joto la safari, sehemu yake imeshakufa.

Kwa vitendo, kianzio cha lita moja na nusu hadi lita mbili kinatosheleza eli ya lita 20. Mimi naongeza nusu lita juu yake, ambayo haiingii kwenye bia. Inarudi kwenye friji kuwa mbegu ya mara ijayo. Povu nalo linataka nafasi, usijaze chombo kupita theluthi mbili. Kwa hiyo ukisikia mtu akikusifia flaski ya lita moja, mshukuru upite. Tafuta ya lita 3 ikiwa utaweza, na ya lita 5 ikiwa una ndoto za laga.

Hatua ya 3: Chombo

Chombo ambacho picha zote huonyesha ni flaski ya koni ya maabara, iliyobuniwa na Mjerumani Emil Erlenmeyer karibu mwaka 1860. Unaijua. Ndiyo uliyoitikisa kwenye taitresheni ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ukiomba rangi igeuke, isipokuwa ile ilikuwa ya mililita 250. Hiyo ndogo pia usiitupe ukiipata. Inafaa kuamsha kijiko kimoja cha tope la zamani kabla ya kulihamishia kwenye chombo kikubwa.

Flaski ina mambo matatu mazuri: kitako bapa, mdomo mdogo unaofunikika kwa foili, na kioo kinachokuonyesha tabaka la hamira likilala chini. Jambo la nne ambalo wauzaji hulipigia debe, kwamba unaweza kuchemshia humohumo kisha ukaitumbukiza kwenye maji baridi, ndilo nisilolitaka.

Mara ya kwanza nilichemsha ndani ya flaski juu ya meko. Maji ya kimea yalitulia, yakatulia, nikageuka kuchukua foili. Nikasikia *fuuu*. Nguzo ya povu la kahawia ilikuwa imepanda shingoni na inateremka nje hadi kwenye kichomeo. Moto ukazimika na gesi ikaendelea kutoka. Nilifunga mtungi, nikafungua madirisha, nikasubiri. Sukari ya kimea ikikaukia kwenye matundu ya kichomeo huwa kama lami. Niliyazibua kwa sindano, tundu baada ya tundu, mpaka saa tano usiku. Kimea kinachochemka hutoa povu ghafla, na shingo nyembamba haina pa kulipeleka ila juu.

Tangu siku hiyo nachemshia kwenye sufuria yenye mfuniko wake, na flaski inapokea kilichopoa. Sufuria iwe kubwa mara mbili ya unachochemsha. Baada ya dakika 15 motoni naifunika, naiketisha kwenye karai la maji pamoja na chupa mbili za maji yaliyogandishwa, kwa sababu maji ya bomba ya Kisumu mchana hayapozi kitu. Baada ya nusu saa hivi sufuria unaishika bila kitambaa.

Uamuzi huo unabadilisha ununuzi wote. Chombo kisipopigwa na moto, hulazimiki kulipia kioo cha maabara. Lakini ukitaka flaski ya kweli, isomeke "Boro 3.3". Namba hiyo ni kipimo cha jinsi kioo kinavyotanuka kikipata joto. Kioo cha chupa za kawaida hutanuka karibu mara tatu yake, ndiyo maana chupa ya jemu hupasuka ukiitoa motoni ukaiweka kwenye maji. Ukiuziwa flaski isiyo na maandishi, ichovye kidogo kwenye mafuta safi ya kupikia. Kioo cha borosilika, ndicho hicho cha Boro, hupotea machoni ndani ya mafuta, unaona mstari hafifu tu, kwa sababu vyote viwili hupinda mwanga karibu sawasawa. Kioo cha kawaida kitabaki kikionekana wazi. Muuzaji atakushangaa, lakini jibu unalo. Ukifika nyumbani osha mafuta yote kwa sabuni na maji moto, maana mafuta huua povu.

Mbadala wa kwanza ni mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, ile mitungi ya lita 3 hadi 5 ya achari na sharubati ambayo huonekana kwenye mitumba ya vyombo sokoni Kibuye, hasa Jumapili. Wenyewe ni wa bei ndogo na unaingiza mkono wote kuosha. Angalia kitako. Mingi imevimba katikati kama mgongo wa kobe, na sumaku ya kuzungusha (tutaifikia Hatua ya 6) haikai juu ya mgongo wa kobe. Weka shilingi katikati ndani ya mtungi, uutikise kidogo: shilingi ikiteleza kwenda pembeni kila mara, mrudishie mama mtungi wake. Kama huna mpango wa kuzungusha kwa sumaku, kitako chochote kinafaa.

Mbadala wa pili, na ndio ninaompa kila anayeanza, ni dumu la maji ya kunywa la lita 5, jipya, ulilolinunua likiwa limejaa maji. Unakunywa maji, unabaki na chombo safi. Lita moja ya kianzio ndani ya dumu la lita 5, ukilitikisa kwa nguvu kwa dakika moja hadi lote lijae povu, inapata hewa ya kutosha. Unalegeza kifuniko, unaliacha, na kila ukipita karibu unalitikisa tena. Plastiki hiyo haivumilii moto. Kimea kiingie kikiwa kimepoa kabisa, la sivyo dumu litajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Dumu la mafuta ya kupikia usilikaribishe hata ulioshe mara kumi.

Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, kule Kakamega alipika busaa kwa nyungu na hakuwahi kumiliki kipimajoto. Unga wa mahindi ulivundikwa, ukakaangwa juu ya bati, ukatiwa maji, na kimea cha wimbi kikaingia mwisho kikiwa kimebeba hamira yake mwenyewe. Nilimpelekea flaski yangu aione. Akaigeuza huku na huku, akaigonga kwa ukucha.

"Mjukuu wangu, chungu hiki mdomo wake mdogo hivi. Ndani utaosha na nini?"

Sikuwa na jibu, sikuwa nimenunua brashi. Nunua brashi ya chupa yenye mpini mrefu siku ileile unaponunua chombo chenye shingo. Duru la hamira iliyokauka pale kianzio kilipoishia halitoki kwa kusukasuka.

Hatua ya 4: Vya kupimia

Mizani ya jikoni ya kielektroniki inayopima gramu moja moja, haidromita, kipimajoto. Hivi vitatu vinunue kabla ya kitu chochote kinachozunguka.

Mizani ni ya unga wa kimea, ule wa utamu wa kimea uliokaushwa, unaoyeyuka kwenye maji. Gramu 100 kwa lita moja ya maji hukupa 1.037 hadi 1.040 hivi, na hapo ndipo hamira hukua bila kuhangaika. Ukiyafanya matamu zaidi unaichosha. Lengo ni kuilea, utamu mwingi uachie bia. Unga wa kimea ukikosekana, ponda kimea cha shayiri, gramu 200 hivi kwa kila lita unayotaka kupata mwisho, ukiloweke kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa moja, uchuje, uchemshe. Soda ya kimea isiyo na dawa ya kuhifadhi pia hufanya kazi: soma lebo, ikitajwa sodiamu benzoeti iache, na ukiipata safi ichemshe gesi itoke kisha uipunguze kwa maji hadi haidromita ikubali. Sukari ya chai peke yake hapana. Haina vya kujengea seli, na hamira iliyolelewa kwa sukari nyepesi ikikutana na maltosi, sukari ya kimea iliyo kwenye bia, huzembea.

Tia pia nusu kijiko cha chai cha hamira ya mandazi wakati wa kuchemsha. Moto unaiua, na mabaki yake yanakuwa chakula cha hamira ya bia. Ukatili kidogo, lakini ni mbolea ya bei nafuu kuliko zote.

Haidromita nyingi zimepimwa kwa maji ya nyuzi 20. Usiisome kwenye kimea cha moto, itakudanganya.

Kipimajoto kijaribu kabla hujakiamini: barafu inayoyeyuka ikupe 0, na maji yanayotokota... hapa ndipo watu hutupa vipimajoto vizima. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hutokota karibu na nyuzi 96. Nakuru, kwenye mita 1,850, ni kama 94. Rafiki yangu wa Lanet alirudisha vipimajoto viwili dukani akidai vimekufa, vyote vikimwambia ukweli uleule.

Jambo hilohilo lina upande wake wa hatari. Kuchemsha kwa nyuzi 94 au 96 kunaua karibu kila kitu kinachotembea, lakini hakuui mbegu za bakteria wa botulini, wale wanaotoa sumu ya kuua kwenye vyakula vilivyofungwa, na hata nyuzi 100 za Mombasa haziziui. Kianzio unachotia hamira leo hakina shida. Kimea kilichochemshwa, kikafungwa kwenye chupa na kuachwa kabatini kwa ajili ya mwezi ujao, hicho kina shida. Bila sufuria ya presha na maelekezo yake, chemsha cha leo leo, au kigandishe.

Hatua ya 5: Vya usafi

Kwanza sabuni na brashi, halafu dawa. Dawa haipenyi uchafu.

Dawa ninayoipenda inauzwa kwenye agrovet, si kwenye duka la bia. Watu wa ng'ombe wa maziwa huoshea vyombo vyao kwa dawa ya iodini, na ile ya vyombo inafaa kabisa kwetu ukiizimua kama lebo inavyoelekeza: rangi ya chai ya rangi nyepesi sana, dakika chache, unamwaga. Rangi ikififia, nguvu imekwisha, tengeneza nyingine. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka ya *vyombo*. Ile ya kuchovya chuchu za ng'ombe huongezewa glisarini na vilainishi vya ngozi, haifai.

Ukiikosa, tumia Jik isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, dakika 20, kisha usuuze kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe. Usiloweke sufuria ya stili humo, itatoboka vitundu. Usichanganye na siki wala asidi yoyote, gesi yake ni ya kukimbiza watu nyumbani.

Spiriti ya duka la dawa kwenye chupa ya kupulizia ni ya midomo ya vyombo na mikono yako, mbali na moto. Na chujio, mwiko au mtungi uliowahi kushika busaa, maziwa lala au mursik, viache vifanye kazi yake huko. Uchachu wa vinywaji hivyo ni bakteria wa asidi ya maziwa, na wakiingia kwenye kianzio huwatoi.

Hatua ya 6: Cha kuzungushia, kama bado una pesa

Hamira inayozungushwa inazaliana zaidi kwa sababu inabaki imeelea, gesi ya kaboni inafukuzwa, na hewa mpya inaingia. Oksijeni huitumia kujengea ngozi za seli changa. Ukiwa na subira, dumu na mkono wako vitakufikisha kwa siku mbili tatu. Kizungushio hufika kwa siku moja au moja na nusu. Ndiyo tofauti yote, na nadhani watu hununua kwa sababu kinapendeza kutazama. Mimi mwenyewe nilikaa mbele ya changu usiku mzima kama mtu anayetazama mpira.

Cha dukani ni ghali. Changu kilitoka kwa fundi wa Kondele.

"Fundi, una feni ya kompyuta iliyokufa?"

"Kompyuta ndiyo imekufa, mkubwa. Feni iko sawa. Unataka kupuliza nini?"

"Sipulizi. Nakoroga hamira."

"Aah, mandazi!" Akanipa feni na sumaku mbili alizozitoa kwenye diski ngumu mbovu ya kompyuta. Sikumsahihisha.

Hivi ndivyo inavyoungwa. Feni iwe ya voliti 12, ya sentimita 8 au 12. Sumaku mbili zigandishwe juu ya kitovu chake, moja ikitazama juu kwa ncha ya kaskazini na nyingine ya kusini, zikiwa zimeachana kwa urefu unaokaribiana na wa kijiti chako cha sumaku, kile kinachokaa ndani ya kianzio na kuzunguka kwa kuvutwa na sumaku hizi. Zisawazishe kabla gundi haijakauka. Upande mmoja ukizidi, feni itatetemeka na flaski itatembea yenyewe mezani. Feni iingie kwenye kisanduku cha mbao au cha plastiki, na kati ya sumaku na kitako cha chombo pasizidi sentimita moja. Juu yake weka kipande chembamba cha plastiki au mbao. Bati hapana, sumaku italing'ang'ania.

Umeme upate kwenye adapta ya zamani ya kubadilisha voliti, ile yenye kiswichi cha 3 hadi 12. Ndiyo kidhibiti mwendo cha bei ya chini kuliko vyote, na kinakuepusha na kazi ya kuchomelea. Anza chini upande taratibu. Ukianza na 12, sumaku itakimbia na kijiti kitabaki nyuma kikigonga kioo, *tak tak tak*, saa nane za usiku. Unachotaka ni kibonyeo kidogo juu ya maji, kama pale unapokoroga chai. Kimbunga hadi chini hakiongezi kitu.

Kijiti cha sumaku ndicho kitu pekee cha hapa ninachokataa kutengeneza. Watu hufunga msumari ndani ya mrija wa plastiki. Mrija unavuja, kutu inaingia kwenye hamira. Nunua kilichovikwa teflon kwenye duka la vifaa vya maabara, sentimita 3 hadi 5, na ununue viwili, kwa sababu kimoja utakimimina kwenye bia. Changu kilikaa chini ya pipa wiki mbili. Siku hizi nashikilia sumaku ya tatu nje ya flaski wakati wa kumimina, na kijiti kinabaki kimekumbatia kioo.

Stima ikipotea? Hakuna msiba. Hamira italala chini, ikirudi itaamka, au utatikisa kwa mkono. Nilipoteza usingizi wa bure kwa hilo.

Hatua ya 7: Kifuniko na joto

Foili iliyofunikwa kwa kulegea inatosha. Vumbi na nzi havipandi kona, hewa inapita. Usiweke kizibo cha maji kile cha bia, kinazuia hewa unayoitaka. Povu likikusumbua, matone mawili ya simethikoni, ile dawa ya gesi ya watoto wachanga, hulishusha.

Kianzio kinapenda nyuzi 20 hadi 25. Kisumu ndani ya nyumba mchana panaweza kuzidi hapo, kwa hiyo kiweke sakafuni upande usiopigwa na jua la jioni, chombo kikiwa kwenye beseni la maji na kitambaa chenye unyevu. Kama unatumia kizungushio, kilaze kitambaa kwenye chombo chenyewe, maji yabaki mbali na umeme. Nakuru shida ni usiku: funga chombo kwa sweta la zamani, au kiweke karibu na friji kwa nyuma, kule kunakotoka joto.

Hatua ya 8: Kuitumia na kuweka mbegu

Povu likishashuka na rangi imekuwa ya uji wa maziwa, kabla ya vyote mimina nusu lita kwenye chupa ya jemu iliyochemshwa ikapoa. Kilichobaki kiingie friji siku moja au mbili. Hamira italala chini kama siagi ya rangi ya krimu, na juu yake patabaki bia chapwa ambayo unaimwaga, ukiacha kidogo cha kusukasukia. Onja hiyo bia kabla ya kuimwaga. Ikiwa chachu kama maziwa lala, au inanuka soksi (na si ile ya binamu yangu), usiitie kwenye lita 20.

Chupa ya mbegu usiikaze kifuniko wiki ya kwanza, bado inapumua. Bandika utepe, andika jina la hamira, tarehe, na hii ni mara ya ngapi. Changu kwa sasa kinasomeka "ya 4", na kimekaa nyuma ya mlango wa friji, mbali na mkebe wa mafuta ya mgando ambao mke wangu alikuwa akiuchanganya nacho.